Kitanda cha Tano kwa Sita Kinakugharimu Kiasi Gani?

Ukipita Keko, Dar es Salaam, au kando ya Ngong Road kule Nairobi, utaona vitanda vimepangwa barabarani, vinafanana, na bei zake zinafanana vilevile. Mara nyingi bei hizo hazikutokana na hesabu. Fundi wa kwanza alitaja bei, wa pili akaisikia, wa tatu akapunguza elfu kumi ili asikose mteja. Muulize yeyote kati yao kitanda kimemla shilingi ngapi, atakutajia bei ya mbao.

Makala hii ni kwa ajili ya mwenye karakana anayetaka kujua zaidi ya bei ya mbao. Nitatumia karakana moja ya mfano yenye mafundi watatu, inayotengeneza vitu vitatu tu: kitanda cha tano kwa sita, kabati la nguo la milango mitatu, na meza ndogo ya sebuleni. Bei zote nitakazotaja ni za mfano, nimezichagua ili hesabu ifuatike kirahisi. Weka zako mahali pake. Anayeoka mikate au kushona sare za shule atabadilisha majina ya vitu, hesabu itabaki ileile.

Jambo moja liwe wazi kabla hujashika kalamu: kitanda hakina gharama moja. Kina gharama ya kupangia bei ya kila siku, kina gharama ya kuamulia kama upokee oda ya bei ya chini, na kina gharama ya kuandika kwenye vitabu vya mwaka. Mchumi wa Marekani, John Maurice Clark, alilieleza hilo mwaka 1923 katika kitabu chake kuhusu gharama za uendeshaji, na hadi leo ndipo wengi wanapojikwaa. Wanatafuta namba moja, kisha wanaitumia kujibu kila swali.

Anza na kinachoshikika

Gharama za moja kwa moja ni zile unazoweza kuzinyooshea kidole ukasema hii imeingia kwenye kitanda hiki: mbao, chaga, gundi, skrubu, vanishi, ujira wa fundi aliyekiunda. Hizi ndizo kila mtu anadhani anazijua. Tuzitazame kwa karibu, maana hata hapa fedha huvuja.

Godoro la tano kwa sita lina inchi 60 kwa 72. Kwa hiyo mifumbati, yaani mbao mbili za ubavuni, haiwezi kuwa inchi 72 kamili. Kuna ndimi za kuingia kwenye matendegu. Tuseme fundi wako anaikata inchi 75. Vitakizo, mbao za kichwani na miguuni, anavikata inchi 63. Ubao wa dukani una futi 12, yaani inchi 144. Mifumbati miwili haitoki kwenye ubao mmoja kwa sababu inahitaji inchi 150. Fundi mwenye hesabu atakata mfumbati mmoja na kitakizo kimoja kwenye kila ubao: 75 na 63 ni 138, kinabaki kipande cha inchi 6, na msumeno unakula kidogo humo humo. Mbao mbili zimetosha. Kijana asiyeelekezwa atakata mifumbati kwanza kwenye mbao mbili, abaki na vipande viwili vya inchi 69, kisha achukue ubao wa tatu akate vitakizo vyote viwili. Kitanda ni kilekile kwa macho ya mteja, lakini kimekula ubao mmoja zaidi. Ubao ukiwa Sh 15,000 na unatengeneza vitanda 8 kwa mwezi, umepoteza Sh 120,000 bila mtu yeyote kuiba chochote.

Vile vipande viwili vya inchi 69 navyo si takataka. Vikitumika kwenye meza, meza ivilipie na kitanda kipunguziwe. Vikiishia kwenye jiko la mama ntilie wa jirani, basi kitanda kimebeba gharama yake yote. Kwa hiyo usipime mbao zilizomo ndani ya kitanda kilichokamilika. Hesabu mbao zilizotoka stoo kwa ajili yake, ukitoa zilizorudi.

Chora mpango wa kukata mara moja, ubandike ukutani. Hakuna kazi nyingine ya uhasibu itakayokulipa haraka kiasi hicho.

Vitu vidogo vina utaratibu wake. Hakuna anayehesabu misumari mmoja mmoja, na asitokee wa kukwambia uhesabu. Chukua kopo la vanishi la lita 4, liandikie kwa kalamu tarehe ulipolifungua, kisha weka alama kwa kila kitanda kilichopakwa. Kopo likiisha, gawanya bei yake kwa idadi ya alama. Fanya hivyo kwa gundi, msasa na skrubu, kila kimoja mara mbili tatu kwa mwaka, utapata kiasi cha kuaminika.

Karakana yetu ya mfano imepata hivi kwa kitanda kimoja: mbao 10 kwa Sh 150,000, chaga Sh 24,000, vitu vidogo Sh 26,000. Malighafi jumla Sh 200,000. Fundi analipwa kwa kazi, Sh 60,000 kuunda na Sh 20,000 kupiga msasa na vanishi. Kuranda na kupasua kwenye mashine ya kukodi, pamoja na guta la kuleta mbao, ni Sh 20,000. Gharama za moja kwa moja: Sh 300,000.

Swali linalokuja daima ni la mbao zilizokuwa stoo. Ulinunua 20 kwa Sh 12,000 kila moja, bei ikapanda, ukanunua 30 kwa Sh 15,000. Kitanda cha leo kimetumia mbao za bei gani? Hapa ndipo lile jambo la gharama zaidi ya moja linapoonekana. Kwenye vitabu unaweza kutumia utaratibu wa kilichoingia kwanza kutoka kwanza, hivyo ni Sh 12,000 hadi zile 20 ziishe. Unaweza pia kutumia wastani: Sh 240,000 na Sh 450,000 ni Sh 690,000, gawanya kwa 50, unapata Sh 13,800. Njia zote mbili zinakubaliwa na viwango vya kimataifa vya uhasibu. Chagua moja na ukae nayo. Lakini unapompa mteja bei, sahau zote mbili. Tumia Sh 15,000, kwa sababu ndiyo utakayolipa ukienda kurudisha mbao stoo. Anayeuza kwa bei ya mbao za zamani hujikuta mwisho wa mwezi ana fedha taslimu nyingi kidogo na stoo iliyopungua, akidhani amepata faida.

Gharama zisizo na mwenyewe

Pango la karakana halimo kwenye kitanda wala kwenye kabati. Umeme wa LUKU nao hivyo hivyo, na mlinzi, na bando la kutuma picha kwa wateja. Ukiziacha nje ya hesabu kwa sababu hazina mwenyewe, zitakula faida kimya kimya. Ziorodheshe zote kwa mwezi mmoja.

Kwenye karakana yetu pango ni Sh 250,000, fungu la mlinzi mnayechangia na jirani Sh 120,000, LUKU Sh 90,000, simu na bando Sh 30,000, taka na vikorokoro vingine Sh 20,000. Hapo ni Sh 510,000, na wengi husimama hapo. Bado vitu viwili vikubwa.

Cha kwanza ni uchakavu. Msumeno wa umeme, randa ya umeme, drili na kompresa vilinunuliwa kwa jumla ya Sh 3,240,000. Kwa matumizi ya kila siku na umeme unaokatika na kurudi ghafla, tuseme vinadumu miaka mitatu. Gawanya kwa miezi 36, unapata Sh 90,000 kwa mwezi. Hulipi fedha hiyo kwa mtu yeyote mwezi huu, na ndiyo maana inasahaulika. Siku kompresa ikifa utailipa yote kwa mkupuo, na hapo utaona kwamba miaka mitatu ulikuwa unauza kipande cha kompresa pamoja na kila kitanda. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina viwango vyake vya uchakavu vya kukokotolea kodi. Hivyo ni vya ritani. Kwa kupanga bei, tumia muda ambao mashine zako zinadumu kweli mikononi mwa mafundi wako.

Cha pili ni wewe mwenyewe. Unafungua karakana alfajiri, unapokea simu, unakwenda kuchagua mbao, unagombana na anayechelewa kulipa, na jioni unachukua kilichobaki mfukoni ukikiita faida. Hicho ni ujira wako, tena mara nyingi ni mdogo kuliko unaomlipa fundi. Namna ya kukadiria ni rahisi: ukiugua miezi mitatu, utamwajiri nani asimamie, na atakubali kwa mshahara gani? Weka kiasi hicho. Karakana yetu imeweka Sh 600,000. Mtoto wa dada yako anayesaidia bure naye ana bei. Ada unayomlipia au chakula anachokula ni gharama ya karakana, hata kama nyumbani mnaiita msaada.

Jumla sasa ni Sh 1,200,000 kwa mwezi, nusu yake ikiwa ni wewe.

Aliyewahi kukaa chini na hesabu za namna hii akapata mshtuko ni Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza, mwaka 1772. Biashara ilikuwa imedorora, vyombo vya udongo vimejaa ghalani, na yeye akaanza kufuatilia gharama ya kila hatua ya kila chombo. Aligundua kwamba gharama kadhaa, kama pango la majengo na mishahara ya makarani, zilikwenda vilevile awe ametengeneza vyombo vingi au vichache, akamwandikia mbia wake Thomas Bentley kumweleza. Aligundua pia kwamba karani wake mkuu alikuwa akimwibia. Alikuwa amekwenda kutafuta gharama akakuta na mwizi, na si ajabu. Hesabu ya gharama ikikataa kulingana na fedha iliyoko kwenye kasha, kuna mahali pa kuchungulia.

Kuzigawa bila kudhulumu

Sasa una Sh 1,200,000 ya kugawa kwa vitu vyote vilivyotoka mwezi huu: vitanda 8, makabati 4, meza 6. Ni vitu 18. Ukigawa sawa kwa sawa, kila kimoja kinabeba kama Sh 66,700. Ni hesabu ya haraka, na ni mbaya. Meza ndogo iliyotumia nafasi ya kona kwa siku mbili inabebeshwa mzigo sawa na kabati lililojaza karakana zaidi ya wiki.

Tafuta kipimo kinachofuata jinsi kazi inavyokula karakana. Kwa useremala, siku za fundi zinafaa kuliko kipimo kingine. Kitanda kinachukua siku 4 za fundi mmoja, kabati siku 9, meza siku 2. Vitanda 8 ni siku 32, makabati 4 ni siku 36, meza 6 ni siku 12. Jumla siku 80. Gawanya Sh 1,200,000 kwa 80, unapata Sh 15,000 kwa kila siku ya fundi. Hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani pembeni ya mpango wa kukata mbao.

Kitanda kinabeba siku 4 mara Sh 15,000, yaani Sh 60,000. Kabati Sh 135,000. Meza Sh 30,000. Linganisha na ule mgawo wa sawa kwa sawa: kitanda hakijabadilika sana, lakini kabati limepanda maradufu na meza imeshuka chini ya nusu. Mwenye karakana aliyekuwa akigawa sawa kwa sawa alikuwa akiuza makabati kwa bei ya huruma na meza kwa bei ya kufukuza watu. Matokeo yake unaweza kuyakisia: oda za makabati zinamiminika, meza zinapigwa vumbi, yeye anafurahi kwamba kazi ni nyingi, na fedha haionekani.

Kwa anayeoka mikate, kipimo kinaweza kuwa dakika za tanuri. Kwa mwenye cherehani za umeme, saa za mashine. Usijisumbue kutafuta kipimo kisicho na kasoro, maana hakipo. Kinachotakiwa ni kipimo kisichomnyima mtu haki waziwazi.

Gharama kamili ya kitanda basi ni Sh 300,000 na Sh 60,000, yaani Sh 360,000. Kabati lina gharama za moja kwa moja Sh 634,000. Ukiongeza Sh 135,000 unafika Sh 769,000. Meza ni Sh 80,000 na Sh 30,000, jumla Sh 110,000.

Hapa tuikague kanuni ya mdomo inayotembea kwenye karakana nyingi: chukua malighafi, zidisha mara mbili, hiyo ndiyo bei. Kwenye kitanda inakuokoa. Malighafi Sh 200,000, bei Sh 400,000, uko juu ya gharama. Kwenye meza malighafi ni Sh 45,000 tu, kanuni inakupa Sh 90,000, na wewe umekwisha tumia Sh 110,000. Tena mteja akitaka mbao ghali zaidi, malighafi yakapanda kwa Sh 60,000, kanuni inapandisha bei kwa Sh 120,000 ingawa fundi hakuongeza hata saa moja ya kazi. Mteja anakwenda mtaa wa pili. Kanuni hiyo inafaa pale tu kazi na mbao zinapokwenda pamoja, na kwenye vitu vyenye nakshi, au vyenye mbao ghali, haziendi pamoja.

Mwezi mkavu

Januari ada za shule zimewabana watu, na karakana inapata kazi ya siku 40 tu badala ya 80. Pango halijui kwamba ni Januari. Ukigawa Sh 1,200,000 kwa siku 40 unapata Sh 30,000 kwa siku, na kitanda kinafika gharama ya Sh 420,000. Ukipandisha bei kwa sababu hiyo, wateja wachache waliobaki wataondoka, Februari utagawa kwa siku 25, na bei itapanda tena. Biashara nyingi zimejizika hivyo kwa hesabu iliyoonekana sahihi.

Utaratibu ulio salama ni kugawa kwa uwezo wa kawaida wa karakana, siku 80, hata mwezi ambao umefanya 40. Ndivyo inavyotaka hata IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa bidhaa. Kitanda kinabaki na Sh 60,000 zake. Zile Sh 600,000 ambazo hazikupata pa kukaa ziandike peke yake: gharama ya karakana kukaa bure. Haikusababishwa na kitanda, hivyo kitanda kisiilipe. Ukiiona namba hiyo imeandikwa wazi, utaanza kujiuliza maswali yanayofaa: umpangishe mwingine nusu ya karakana, utengeneze meza za akiba, au utafute kazi za shule zinazofunguliwa.

Vivyo hivyo kwa hasara zisizo za kawaida. Ubao mmoja kupasuka katika vitanda vichache ni sehemu ya kazi, uingie kwenye gharama. Rundo zima kuliwa na mchwa kwa sababu liliwekwa chini kwenye udongo ni uzembe wa stoo. Uandike kama uzembe wa stoo.

Oda ya lodge

Bei za karakana yetu ni Sh 420,000 kwa kitanda, Sh 850,000 kwa kabati, Sh 150,000 kwa meza. Toa gharama za moja kwa moja peke yake. Kinachobaki ndicho mchango wa kila bidhaa katika kulipia pango na mengineyo, kisha faida. Kitanda kinachangia Sh 120,000. Kwa hiyo kama ungetengeneza vitanda tu, vitanda 10 kwa mwezi vingemaliza ile Sh 1,200,000, na cha kumi na moja ndicho kingeanza kukuletea faida. Kila mwenye biashara aijue namba yake hiyo kwa kichwa.

Kabati linachangia Sh 216,000 na meza Sh 70,000. Ukiangalia hivyo, kabati ndilo mfalme. Gawanya sasa kwa siku za fundi: kabati Sh 24,000 kwa siku, kitanda Sh 30,000, meza Sh 35,000. Mpangilio umepinduka. Pale ambapo mafundi ndio waliobana, yaani kazi ni nyingi kuliko mikono, kila siku unayompa fundi kabati unaikosesha meza. Mwezi wa Desemba, watu wanapofanya manunuzi ya sikukuu, usipokee kabati la mwisho kwa bei ya kawaida huku meza zinasubiri. Bila shaka soko la meza lina kikomo, na mteja wa kabati mara nyingi ndiye anayerudi kuagiza kitanda. Hesabu haimalizi kila kitu, lakini ujue unalipa kiasi gani kumfurahisha.

Sasa anakuja mwenye lodge. Anataka vitanda 10, anatoa Sh 340,000 kwa kila kimoja, hapandi zaidi. Gharama yako kamili ni Sh 360,000. Je, ukatae?

Kama ni Januari na una siku 40 za fundi zisizo na kazi, pokea. Pango litalipwa ukikataa au ukikubali, hivyo haliingii kwenye uamuzi huu. Kinachoongezeka kwa kukubali ni Sh 300,000 za moja kwa moja kwa kila kitanda, na unapata Sh 340,000. Vitanda 10 vinachangia Sh 400,000, ile hasara ya kukaa bure ya Sh 600,000 inashuka hadi Sh 200,000. Kama ni Desemba, siku hizo 40 zingeweza kufanya hata makabati, bidhaa yako yenye mchango mdogo kuliko zote kwa siku, na kuleta Sh 960,000. Hapo oda ya lodge inakupotezea Sh 560,000. Bidhaa ni ileile, bei ileile, lakini jibu limegeuka kwa sababu ya kalenda.

Hesabu hii inasimama kwa sharti kwamba mafundi wanalipwa kwa kazi. Kama wana mshahara wa mwezi, ujira wao unalipwa hata wakilala, basi kwa uamuzi huu nao unatoka kwenye hesabu na oda ya Januari inakuwa tamu zaidi. Na kuna sharti la pili ambalo halina namba: mwenye lodge asiwatangazie wenzake kwamba kwako kitanda ni laki tatu na arobaini.

Muulize pia atalipa lini. Vitanda 10 vinahitaji Sh 3,000,000 za moja kwa moja. Ukizikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi naye akakulipa baada ya miezi mitatu, riba ni Sh 270,000. Ule mchango wa Sh 400,000 umebaki Sh 130,000. Ukimtaka malipo ya awali ya asilimia 60, anakupa Sh 2,040,000, na malighafi yote ya Sh 2,000,000 yamelipwa na yeye.

Yale madogo yaliyobaki

Winga aliyekuletea mteja, kirikuu cha kupeleka kitanda Mbezi, picha za matangazo: hizi ni gharama za kuuza. Usizichanganye na za kutengeneza. Mteja anayekuja mwenyewe na kubeba mwenyewe hana sababu ya kulipia winga, na ukizitenga utajua unaweza kumpunguzia kiasi gani bila kujiumiza. VAT iliyomo kwenye risiti za mbao na vanishi, kama hujasajiliwa hutaidai popote, kwa hiyo ihesabu ndani ya gharama kama ilivyo. Aliyesajiliwa aitenge.

Huhitaji programu ya kompyuta. Daftari la kaunta linatosha, ukurasa mmoja kwa kila oda: mbao zilizotoka na zilizorudi, siku za kila fundi, fedha aliyolipwa, guta, na tarehe. Anayejaza awe mtu mmoja, na ajaze jioni ileile, si Jumamosi kwa kukumbuka. Kisha kwa kila bidhaa unayorudia, tengeneza kadi moja ya gharama inayotazamwa kabla ya kutaja bei kwenye simu. Juu ya kadi andika tarehe uliyoulizia bei ya mbao mara ya mwisho. Ikipita miezi mitatu, au ukisikia mbao zimepanda, kadi hiyo isitumike mpaka mtu aende tena duka la mbao.